Komunike ya Koko Ilikatwa Katikati

Uvumilivu uliniisha pale mdogo wake koko alipoingia uani kwetu kutoka Lubondja akipiga vigelegele, kitenge kipya mwilini, kuku mkononi. "Ni ndoa ya nani, batoto bangu?" Kwao simu haishiki, wanategemea redio. Alisikia jina la familia yetu na wito kwa ndugu wote waje hapa Baraka, kisha muziki wa kucheza. Ilikuwa komunike, tangazo la kifo. Walisoma nusu, wakaikata. Koko, mama wa mama yangu, tulikuwa tumemzika siku mbili kabla.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda redio. Nilitembea nikilia kwa hasira, na unajua, ndugu yangu, kilichonijia kichwani ni Jumamosi zetu za utotoni.

Redio hiyohiyo ilikuwa na sanduku la malalamiko, la mbao, mlangoni. Jumamosi mtangazaji alisoma kila kikaratasi. Sisi tunageuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani, harufu mpaka kwenye nywele, tunacheka. Mama mmoja alilalamika kwamba mtangazaji anatafuna karanga hewani na yeye hapewi. Mvuvi alitaka mpira uchezwe upya, maana timu yake ilifungwa akiwa ziwani, hakuwepo kuipigia kelele. Mwalimu wetu alidai habari zisomwe polepole, maana anaziandika na kalamu yake haiwahi.

Koko hakujua kuandika. Anasema, mimi naandika: "We mutoto wa sauti tamu, unasoma batu benye kufa mbio-mbio sawa bei ya mihogo. Meza mate kwanza." Jumamosi iliyofuata akajibiwa: "Koko, nimesikia. Nitameza." Na kweli, tangu hapo kila jina la marehemu lilitanguliwa na kimya kidogo. Koko anatikisa kichwa, ameridhika, anarudi kwa samaki wake.

Nilifika. Sanduku halipo tena. Wala yule mtangazaji. Dada wa mapokezi hakuinua hata macho.

"Mama, malalamiko ni kwa simu. Tuma sauti."

"Nipe karatasi."

"Hiyo iko mambo ya zamani."

"Basi mi niko wa zamani. Leta."

Niliandika nimesimama, mtoto akinivuta nywele:

"Kwa Bwana Direkta. Mimi, mjukuu wa marehemu, ninalalamika. Komunike yetu mliikata kabla ya neno 'amefariki'. Mdogo wake amekosa maziko. Naomba isomwe tena, yote, bila muziki. Najua hakuna atakayewahi sasa. Someni tu."