Mitihani ya Mwalimu

Wagonjwa walimwita Mama Nyundo, kwa sababu ya kile kinyundo cha mpira alichogongea magoti, na wapo walioamini kabisa kwamba dawa imo ndani ya kinyundo. Alikuwa daktari bingwa mwandamizi wa ubongo na mishipa ya fahamu, miaka thelathini na mmoja kazini, na chumba chake cha kliniki kilikuwa na vituko vyake. Kiti cha mgonjwa kilikaa mbali na mlango, hatua saba kamili. Wageni walidhani ni mpangilio mbovu. Kumbe zile hatua saba ndizo zilikuwa kipimo chake cha kwanza: mkono upi hauchezi mtu akitembea, mguu upi unaburuzwa, nani anageuka mzimamzima kama gogo. Kisha alimpa mgonjwa kalamu aandike jina lake mara tatu, akaangalia kama herufi zinazidi kuwa ndogo. Mara nyingi mtu alikuwa hajaeleza hata kilichomleta, na Mama Nyundo ameshajua nusu ya habari.

Sheria yake ilikuwa moja, nayo haikuwa na rufaa: jamaa asimjibie mgonjwa. Mke akifungua mdomo kumsaidia mumewe, Mama Nyundo aliinua kidole bila hata kumtazama. "Subiri, dada. Nataka nisikie anavyokwama."

Sasa sikia ajabu. Mwanamke huyu aliyejua kusoma mwendo wa watu kutoka mlangoni hakuona kilichokuwa kikitokea mezani kwake kwa miaka miwili. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kinyozi hata kioo hana? Msinilaumu kwa kusema hivyo. Yeye mwenyewe alijisema kwa maneno makali kuliko haya.

Mumewe alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mtu mrefu, mtani, mwenye kumwita mkewe "Bingwa" hata mbele ya wageni. Yeye alimwita "Mwalimu", na hivyo ndivyo walivyoishi. Mwalimu alikuwa na tabia moja iliyowachosha watoto wa shule na kuwavunja mbavu watu wa nyumbani. Neno lolote likipita mezani alilidaka, akauliza, "Hilo ni nini? Toa maana, kisha tunga sentensi." Binti yao wa pekee alikua akitunga sentensi huku chakula kikipoa. Hata alipomleta mchumba, kijana wa watu aliulizwa subira ni nini kabla hajaonyeshwa pa kukaa.

Basi nanii zilipoanza kuongezeka, nani angeshtuka? Nanii ni mali ya umma. Kila asemaye Kiswahili anayo mfukoni, akikwama anaitoa. Tena nanii za Mwalimu zilikuwa na adabu zake. Kisu kilikuwa "nanii kile", ufunguo "nanii ule", na funguo zikiwa nyingi, "nanii zile". Ngeli hakukosea hata moja. Mkewe alimtania, "Mwalimu mzima, msamiati umebaki nanii!" Naye alicheka na kusema ni uzee.

Mchana mmoja mguu wa meza ulilegea. Mama Nyundo alipiga magoti chini ya meza, akasema, "Mwalimu, niletee bisibisi kwenye droo."

Mwalimu alisimama palepale. "Bisibisi ni nini?"

"Haya, tumeanza," alisema akicheka. "Ni kifaa cha kukazia skrubu. Fundi alikaza skrubu kwa bisibisi. Nipe maksi zangu."

"Ahaa. Asante." Akaenda kwenye droo, akarudi na koleo. Mkewe akadhani mzaha bado unaendelea, akacheka zaidi.

Wiki chache baadaye binti alipiga simu. "Mama, baba siku hizi mitihani imezidi. Jana kaniuliza mwavuli ni nini."

"Mwalimu hastaafu, mwanangu. Mtungie sentensi, atakuachia."

Ndivyo alivyojibu. Maneno hayo alikuja kuyarudia peke yake ndani ya gari mpaka yakamchoma.

Alizindukia wodini. Asubuhi hiyo alikuwa na madaktari wanafunzi sita, wamezunguka kitanda cha mama mmoja mshonaji, miaka arobaini kwenye cherehani. Mama Nyundo alimpa sindano na uzi. Mshonaji alilamba ncha ya uzi, akaupitisha tunduni mara moja tu.

"Hii inaitwaje, mama?"

"Hii? Si ndiyo nafanyia kazi."

"Ni sindano."

Mshonaji alikunja uso. "Sindano ni nini?"

Mama Nyundo aliwageukia wanafunzi. "Mmesikia? Wewe na mimi tukisahau jina, tukitajiwa tunasema, eeh, hilohilo! Huyu ukimtajia, anakuuliza maana yake, kama vile hajawahi kulisikia. Sarufi yake nzima, matamshi mazuri, heshima ipo. Maneno ndiyo yanatoka, moja moja, na maana zake. Na nyumbani watu wanachelewa kushtuka kwa sababu..."

Bisibisi. Mwavuli. Na juzi tu, jirani. "Jirani ni nini?" aliuliza Mwalimu, na yeye, bingwa, akiwa anapaka siagi kwenye mkate, alitoa maana na kutunga sentensi.

"Kwa sababu gani, daktari?" aliuliza mwanafunzi mmoja, kalamu tayari.

Alisema wataendelea kesho. Akaingia stoo ya mashuka, akafunga mlango, akalia huku ameziba mdomo kwa foronya.

Hakumpima mumewe mwenyewe, kazi aliiheshimu. Alimpeleka kwa daktari aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye sasa naye ni bingwa kamili. Kwa mara ya kwanza maishani alikaa kwenye kiti cha jamaa, akagundua kwamba ni kigumu. Daktari alionyesha picha moja baada ya nyingine. Ikaja picha ya ngazi.

"Nanii hii," alisema Mwalimu. "Unapanda. Unapanda nayo..."

"Ngazi!" Mama Nyundo aliropoka.

"Mama," alisema yule daktari taratibu, macho chini. "Tafadhali. Nisikie anavyokwama."

Picha ya ubongo ilionyesha alichokuwa anakijua tayari. Upande wa kushoto, usawa wa sikio, palikuwa pamesinyaa. Dawa ya kurudisha hakuna. Daktari alimsindikiza hadi nje, akasema, "Hata ungemleta miaka miwili iliyopita, mama, tusingeuzuia ugonjwa huu." Ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu. Miaka miwili ile wangeitumia kusemeshana. Wao waliitumia kucheka.

Jamaa za wagonjwa wa namna hii alikuwa akiwaambia neno lilelile miaka yote: "Mlilo nalo la kumwambia, mwambieni wiki hii. Anayoyaelewa leo, mwaka kesho hatayaelewa yote." Aliwaambia akiwatazama machoni, akaona wanavyoitikia kwa kichwa, na alijua nusu yao hawatasema. Aliwaona wazembe.

Yeye alikuwa na neno moja tu la kumwambia Mwalimu, naye alilichelewesha. Kwanza alimsubiri binti aje. Binti alikuja, akalia, akaondoka. Kisha Mwalimu akapata mafua, mkewe akasema apone kwanza. Ukweli ni kwamba aliogopa jibu. Alijua Mwalimu atacheka, atasema si kitu, Bingwa, na yeye alitamani agombezwe. Miezi ikaenda. "Bingwa" yenyewe ikapotea; akawa anamwita "wewe", kwa upole.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mkewe alimkuta sebuleni akikunja nguo. Alikuwa amezipenda nguo siku hizo; alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena, mashati upande mmoja, taulo upande wa pili. Mama Nyundo alikaa pembeni yake kwenye kochi, akashika pindo la shati lilelile alilolishika mumewe.

"Mwalimu, naomba unisamehe."

Mwalimu aliacha kukunja. Aliigeuza sentensi ile kichwani, akiitafuta. "Samehe," alisema. "Samehe ni nini?"

Uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayeuliza njia. Mkewe akajaribu.

"Ni pale mtu... Ni mtu akikukosea. Alitakiwa akuangalie, hakukuangalia. Amekukosea. Halafu wewe..." Akakwama. Machozi yalikuwa yameshamfikia shingoni.

Mwalimu aliona machozi. Katika maneno yote yale alikuwa amelipata moja, akalishika. Uso ukakazana, vilevile ulivyokuwa ukikazana binti yao alipokuwa akirudi kutoka shule analia.

"Nani kakukosea?"

"Mwalimu, mimi ndiye..."

"Nani?" Alikuwa ameshasimama, shati limeanguka. "Niambie. Nitamwendea sasa hivi." Alitazama huku na huku sakafuni, akagusa miguu yake mitupu. "Nipe vya huku. Vya huku viko wapi?"

Mkewe alijaribu kumketisha, akashindwa. Mwalimu alikuwa anatetemeka kwa hasira, na hakuna maana wala sentensi ambayo ingemtuliza. Basi Mama Nyundo alileta viatu, akapiga magoti, akamvalisha cha kulia na cha kushoto, akafunga kamba. Mwalimu akamshika mkono, akafungua mlango, na wakatoka wote wawili kwenda kumtafuta.