Dinamo Kuukuu na Jambia la Baba

Siku ile siisahau, mwanangu. Mpaka leo nikipita Ibra mkono wangu hupapasa kiuno wenyewe. Tulitoka Nizwa, huku Omani, asubuhi, mimi na Shangazi Zuwena, kwenda Sur kumwozesha mdogo wangu Salma baada ya alasiri. Baba alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii. Nisipofika, hapana ndoa. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya usiku, na cheti changu cha biashara nilikipenda kuliko biriani. Kanzu yangu ilikuwa nyeupe hata mbuzi wa njiani walifumba macho. Kiunoni, jambia la marehemu baba.

Ibra gari likazimika. Fundi wa hapo akafunua boneti, akaifungua dinamo, akasema imekufa, nikanunue nyingine. Ile kuukuu akaniwekea miguuni, nyeusi kwa grisi. Nikaichelea kanzu yangu. Basi ikapita pikapu ya mnunuzi wa chuma chakavu, nami nikampungia mkono: "Chukua, sadaka hiyo!" Nikajiona mkarimu kuliko watu wote wa mkoa wa Sharqiyah.

Kwenye duka la spea, mzee mmoja wa Kiarabu akanitajia bei ya dinamo iliyofufuliwa. Nikatazama mfukoni, alhamdulillahi, zinatosha.

"Na ile kuukuu iko wapi?" akauliza.

"Nishaitoa."

"Basi utaongeza amana yake. Hizo kuukuu ndizo tunazozifufua, ya waladi, kijana wangu. Siku ukiileta, nakurudishia pesa yako."

Mwanangu! Nyongeza yenyewe ilikuwa karibu nusu ya bei, na hakuna aliyenidokeza kabla! Nikapiga ukelele ambao nadhani kasa wa pwani ya Ras al Hadd waliacha kutaga: "Dhuluma! Mimi nina cheti cha biashara!"

"Mabruk, hongera," akasema mzee. "Na dinamo?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha duka, buibui likimtikisika kwa kicheko. "We mtoto, huko kwetu Unguja nani alikuwa akichukua soda dukani bila ya kupeleka chupa tupu? Huna chupa, unaweka amana! Usiache mbachao kwa msala upitao, na wewe mbachao umeupakiza kwenye pikapu." Kisha kicheko kikamkatika. "Mimi pesa zangu zote zimekwisha kwenye udi na halua. Vua jambia, liwe amana."

Nilidhani sikusikia. "La baba?"

"Baba yako angelichagua lipi? Jambia lifike Sur, au walii?"

Nikavua. Yule mzee wa duka alilipokea kwa mikono miwili, akalifunga kwenye kitambaa safi, wala hakutabasamu tena.

Dinamo ikafungwa, tukaondoka, na Sur nikaingia barazani kiuno kitupu, mbele ya wanaume waliojifunga majambia yanayong'aa. Macho yote yakashuka tumboni kwangu. Baba wa bwana harusi, Mzee Seif, akaniinamia: "Liko wapi?"

"Ibra, kwa muuza dinamo."

Akanikodolea macho kama niliyemwambia bahari imekauka. Halafu taratibu akafungua jambia lake mwenyewe, akaliweka nyuma ya mto. "Haya," akasema, "sasa tuko sawa. Tuozeshe."

Salma akaolewa. Kesho yake nikamsaka yule wa chuma chakavu mpaka nikamwona, akaniuzia sadaka yangu mwenyewe, nikaipeleka dukani, na jambia likarudi kiunoni.

Kwa hiyo, mwanangu, kitu kibovu usikitoe mkononi kabla hujaulizia kipya kinadai nini, na ukitajiwa bei, uliza, "Hiyo ndiyo yote?" Kuuliza hakuchafui kanzu. Na ukimwona mwenzio ameingia kiuno kitupu, usimtazame tu. Vua na wewe. Mungu akujaalie gari lisilokufia njiani. Na likikufia, akukutanishe na mtu wa kuketi nawe sawa.