Majani ya Magimbi Hayakorogwi

Enzi zetu kule Mwaya, mvua za kwanza zikishapiga, hakuna mtoto aliyeuliza leo mboga gani. Magimbi kando ya mfereji yalikuwa yametoa majani machanga, yale ambayo bado yamejikunja, na kwa wiki chache hizo hata usipa, dagaa wa ziwa letu, ulisubiri zamu yake. Vijana wa leo ukiwaambia majani ya magimbi ni mboga, wanakutazama kama umetaka kula mkeka. Wao wanajua magimbi ya kuchemsha na chai, basi. Pole zao.

Mama yangu hakukulia kwenye magimbi. Alitoka Ikombe, kwenye samaki na vyungu, akaolewa kwetu kwenye mpunga na migomba. Na kwa mila yetu ya Kinyakyusa, mwanamke haonani na baba mkwe wake. Mama akimsikia babu anakohoa njiani, alivuta kanga kichwani akaingia migombani mpaka apite. Hawasalimiani, hawatazamani. Bibi alipofariki, mama ndiye akawa anampikia babu, mtu asiyeweza kumwuliza hata kama chumvi imetosha. Mimi na dada yangu Tumpe ndio tuliovuka uwanja na bakuli.

Mwaka huo babu akatuambia anatamani majani ya magimbi. Mama akachuma, akaosha, akabandika, akakoroga kwa bidii kama alivyokoroga mboga nyingine zote. Hapo ndipo alipokosea. Babu hakumaliza hata tonge la pili, akashika koo. Aliwashwa, jamani! Bakuli likarudi limejaa. Shangazi yetu, aliyeolewa jirani, alikuwapo, akasema kwa sauti ya kusikika na majirani kwamba kuanzia kesho baba yake atakula kwake, maana huku kuna watu hawajui kupika. Sisi watoto tuliona ni jambo dogo. Kwa mama ilikuwa ni kuambiwa mbele ya kijiji kwamba hafai nyumba ile. Alikaa jikoni akilia bila kujificha.

Kesho yake asubuhi babu akaja mpaka nyuma ya jiko letu la matete, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Mama akajibanza ndani. Babu akatuita sisi wawili, akaanza kutufundisha kupika. Sisi! Mimi nilikuwa sijui hata kuwasha moto. Tena alipaza sauti utadhani tuko ng'ambo ya mto.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Chumeni yaliyojikunja tu. Yaanikeni juani mpaka yalegee. Kisha maji, chumvi na ndimu, mfunike chungu, na mwiko usiingie humo mpaka yaive yenyewe. Mawese mwishoni. Mmesikia?"

Tukajibu tumesikia. Akauliza tena kama tumesikia, safari hii akiutazama ukuta wa jiko. Ndani, mama akagonga kifuniko cha chungu taratibu. Babu akaondoka zake.

Siku hiyo mama aliinjika chungu alichotoka nacho kwao, akaketi na mwiko mapajani, akauzuia mkono wake kwa shida kweli kweli. Mawese yalipoingia, harufu ilitufuata mpaka uwanjani. Babu alikula na wali wetu, huo huo mnaousifu mijini, akafuta bakuli kwa kidole. Shangazi alipokuja kumchukua, babu akamwambia arudi tu kwake, yeye ameshiba. Kisha akazunguka tena nyuma ya jiko.

"Wajukuu zangu," akasema, "leo mmepika. Mtanipikia ninyi mpaka nife. Ndaga fijo."

Ndiyo asante sana ya kwetu hiyo. Mama, macho kwenye mafiga, akajibu kwa sauti ya juu ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Tumpe, ndaga kwa kunifundisha, mwanangu." Tumpe akabaki ameduwaa, anauliza kafundisha nini. Babu alicheka njia nzima mpaka kwake.

Siku hizi mke wa mwanangu ananipakulia mwenyewe, ananikaribisha mezani, na tukitazama mpira anashangilia kunizidi. Mboga yenyewe anaitafuta kwenye simu ilhali mpishi nimekaa pembeni yake, lakini simnunii. Namwona uso naye ananiona wangu, na ile mila siitaki irudi. Mama alimpikia babu mpaka mwisho kama alivyoambiwa. Siku ya msiba alinivuta pembeni, akaniuliza babu alikuwa anafananaje akicheka. Nikamwambia alikuwa na mwanya, na macho yake yalijifumba kabisa. Mama akasema sauti yake ilimfanya adhani hivyo hivyo.