Geti Lililotazama Barabara

Siku Odhiambo aliporudi kutoka India, nilikuwa mtaani Migosi nikipiga lipu nyumba ya kupangisha. Alinikuta juu ya jukwaa, akacheka, akasema nimeanza kufanana na saruji. Sikushuka upesi.

Sote wawili tulikuwa waashi wa Bwana Devraj, muuza mbao wa Kisumu ambaye babu zake walikuwa Warajput, wapiganaji wa kale wa India. Alipotaka ua wake uzungushiwe ukuta wa mawe kama ngome ya kwao, sikuwa na shaka kwamba angenituma mimi nikaione. Miaka minne nilikuwa nimesoma kila nilichopata juu ya ngome hiyo. Nilijua kwamba kuta zake zinafuata mgongo wa kilima, zikipinda kila kilima kinapopinda. Nilijua kwamba maji ya mvua yalikusanywa katika mabirika yaliyochongwa ndani ya mwamba, ndiyo maana wenyeji waliweza kuzingirwa kwa miezi bila kufa kiu.

Akamtuma Odhiambo. Alisema Odhiambo ana mkono, mimi nina maneno.

Odhiambo alinionyesha picha alizosafisha. Nilimwuliza kuhusu mabirika, hakuyakumbuka. Chakula alikikumbuka chote. Niliziangalia picha zile moja moja, na kila moja iliniuma kama mali yangu iliyo mkononi mwa mwingine.

Lango alikuwa amelipiga picha kutoka mbele: tao refu, milango miwili mizito, misumari ya chuma iliyochongoka kwenye kimo cha paji la uso la tembo. Kitu ambacho picha haikuonyesha kilikuwa nyuma ya mgongo wake. Pale njia hupinda ghafla kabla ya kufika mlangoni, ili tembo wa vita asipate nafasi ya kukimbia na kuugonga. Lango linalindwa na kona zaidi kuliko chuma.

Odhiambo alijenga tao, akapachika misumari. Kisha akaliweka geti kama tunavyoweka rangach, lango la boma la Mjaluo: likitazamana moja kwa moja na mlango wa mke mkubwa. Anayeficha lango lake, wazee husema, ana jambo analolificha. Kwa hiyo lilitazama nyumba ya Bwana Devraj kwa ndani, na kwa nje likatazama barabara iliyoteremka moja kwa moja kutoka sokoni.

Alipomaliza aliniita.

"Mwalimu wa vitabu, kuna kitu nimesahau?"

"Aliyeona ni wewe, omera, ndugu yangu," nilimjibu. "Mimi nilisoma tu."

Akafurahi. Alidhani nimemheshimu.

Vurugu za baada ya kura zilianza wiki chache baadaye. Siku ya pili maduka ya Wahindi yalikuwa yakiungua, na moshi wa matairi ulifunika mji mpaka ziwani. Bwana Devraj alifungua ua wake kwa familia zilizokuwa zikiwindwa kwa sababu ya kabila. Mimi na Odhiambo tuliingia kusaidia kulinda. Hadi adhuhuri mawe yaligonga ukuta na kuanguka nje. Odhiambo aliniambia ukuta huu ungetutosha mwezi mzima.

Kisha tulisikia lori.

Lilikuwa juu, upande wa sokoni. Injini ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena.

Nilijua.

Nilimwita Odhiambo aondoke getini. Alikuwa ameegemeza bega kwenye bawaba, akiwaambia wenzake wakaze boriti.

Lori liliteremka bila kupunguza mwendo.

Geti halikuvunjika. Liling'oka zima na kumwangukia.

Tuliwapitisha watoto na mama zao kwenye upenyo mdogo wa nyuma ya ua. Wote walitoka hai. Odhiambo hakutoka.

Tulimzika kwao Usenge njia zilipofunguka. Mjane wake, Mama Achieng, alinishukuru mbele ya watu kwa kuwa rafiki wa kweli. Baadaye alinivuta kando. Aliniambia kwamba jioni ile alipomaliza geti, Odhiambo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze.

"Alisema wewe hujui kunyamazia kosa," aliniambia. "Kama ungeliona, ungesema."

Nilisema, "Ndiyo, mama."

Ni miaka mingi sasa. Mama Achieng bado hunitumia omena, dagaa wa ziwani, kila msimu, na sijamwambia kwamba nililiona.