Jina la Nchimunya Mlangoni mwa Benki

Nchimunya Hamusonde aliuza chibwantu, kinywaji cha mahindi, kwa vikombe sokoni mjini Choma, na katika miaka yake sitini na miwili hakukumbuka kukanyaga benki hata siku moja. Kwa hiyo Mama Beenzu wa meza ya pili alipokuja mbio kumwambia kwamba jina lake limebandikwa mlangoni mwa benki, alidhani anadaiwa.

"Deni wapi! Ni orodha ya akaunti zilizolala," Mama Beenzu alisema. "Usipojitokeza kabla mwezi haujaisha, hela inapelekwa Benki Kuu, ukaifuate huko Lusaka. Tajiri wewe, kumbe ulikuwa unatuficha!"

Alikwenda hivyo hivyo, aproni kiunoni. Dirishani msichana mwenye miwani alilinganisha kitambulisho chake na jalada lililofubaa.

"Ni wewe, mama. Akaunti ilifunguliwa mwaka elfu mbili na moja, zikawekwa laki nne na nusu. Haikuguswa tena."

"Nani aliifungua?"

"Wewe."

"Mimi?"

Msichana akamgeuzia jalada. Ilikuwa picha yake kweli, na sahihi yake chini. Kazi: mpishi, shamba la Kotze.

Hapo akavuta kiti. Shamba hilo la tumbaku lilipofungwa, karani Haatontola aliwapanga foleni jikoni, wakapigwa picha na kutia sahihi makaratasi ambayo hakuna aliyesomewa. Mshahara wake wa miezi mitatu hakuuona. Karani alisema bwana mwenye shamba kaondoka bila kulipa. Nchimunya aliamini karani kauila, na kwa miaka kumi na mitatu hakumpa hata salamu.

"Basi nipe laki nne na nusu zangu."

"Ni kwacha mia tatu na kumi na mbili, mama. Sifuri tatu za hela ya zamani zilikatwa mwaka jana."

"Sifuri nazijua, sokoni tumeshazizika. Si ingekuwa mia nne na hamsini? Nyingine iko wapi?"

"Ada ya kutunza akaunti."

"Kumbe hata kulala kunalipiwa!"

Sahihi yake ya sasa ilikataa kufanana na ya zamani. Alirudia mara tatu, jasho likimtoka, kana kwamba anaigiza mwandiko wa mtu mwingine, mpaka msichana akamhurumia na kumwita mkubwa wake aidhinishe.

Hakurudi sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Haatontola, akamkuta uani anamenya karanga. Akapiga magoti na kupiga makofi ya salamu.

"Baba, naomba radhi. Miaka yote hii nakusema vibaya, kumbe hela yangu uliipeleka benki."

Mzee aliacha kumenya. "Benki gani?"

Akamweleza yote. Haatontola akatazama maganda miguuni pake.

"Inuka, mama. Usinipigie magoti. Ile hela niliila. Bwana alinipa bahasha yako mkononi, na mke wangu alikuwa amelazwa. Nilingoja uje unitukane usoni. Hukuja."

"Ukaila?"

"Niliila yote."

"Sasa hii ni ya nani?"

"Sijui. Labda bwana alishalipa benki, akasahau, akatoa tena. Labda hakuniamini. Sijui, mama."

Nchimunya alitaka kukasirika, lakini hela ilikuwa mkobani. Alitaka kusamehe, lakini alikuwa amekuja kuomba msamaha yeye. Akabaki amesimama, hajui aondoke kama mdai au kama mkosaji.

"Nikiuza karanga nitakulipa," mzee alisema.

"Nimeshalipwa."

"Si na mimi."

Nchimunya akaweka mkoba chini. Akaketi, akachota karanga, akaanza kumenya naye.

Mwezi wa nane Haatontola alimletea kwacha mia mbili. Alizikataa, kisha akazipokea. Mpaka leo husalimiana vizuri sana, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyesamehe.