Rubani Mwenye Kichwa cha Karafuu

Wiki iliyopita dada yake alinipigia simu kutoka Nakuru: mlinzi wa hoteli niliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Muaither, enzi zangu za Doha, amefariki na wameshamzika. Nilitoa pole zote ninazozijua, halafu nikauliza swali ambalo pengine halikufaa: "Na ile ndege?" Dada akacheka huku analia. "Iko juu ya kabati la vyombo. Hakuna anayeruhusiwa kuipanguza ila mimi."

Nimezunguka miji mingi, msomaji wangu, na Doha naikumbuka kwa harufu ya gundi. Ijumaa wenzetu walikwenda kupunga upepo ufukweni Al Wakrah. Mlinzi yule aligeuza ubao wa kupigia pasi kuwa karakana, akaunganisha vipande vya plastiki vya mfano mdogo wa ndege moja aliyoipenda kupita zote: ile ndege ya kivita ya Wajapani, ya safu moja ya mabawa, miongoni mwa za mwanzo za aina hiyo kuruka kutoka juu ya meli. Magurudumu yake hayakukunjwa, na rubani alikaa kichwa nje. Walipoundiwa ya kufunikwa kwa kioo, marubani waliinung'unikia. "Mimi siku nzima niko nyuma ya kioo cha hoteli," alisema. "Huyu jamaa angalau anapigwa na upepo."

Basi kikundi cha waunda ndege ndogo kikamkaribisha kwenye maonyesho yao, Al Sadd, katika hoteli ileile aliyolinda. Kwa mara ya kwanza angeingia mlango ule akiwa mgeni. Asubuhi ya siku hiyo, ikiwa Ijumaa, siku ya ibada hata kwa Wakristo wa huko, alikwenda kanisani. Nyuma yake, mpishi wa chumba chetu, mtu wa Malindi, akakata chupa ya maji ya plastiki, akabandika kipande chake kiwe kifuniko juu ya rubani.

"Bwana we, vumbi la huku lingemmaliza!" mpishi alijitetea, mwenye ndege aliporudi.

"Buda, umenichoma! Hii haifunikwi!"

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua? Doha?"

Tulicheka sote isipokuwa mwenye ndege. Alipokibandua kifuniko, kichwa cha rubani kikatoka nacho. Akakaa kitandani, akasema haendi tena. Mpishi akaingia jikoni, akarudi na karafuu moja, akaikata kijiti, akaigandisha pale shingoni. Tukainama: kofia, miwani, uso uliobabuliwa na jua. Mwenye ndege naye akainama. "Huyu sasa ni Mjapani wa Malindi," akasema, akaanza kutafuta shati lake jeupe.

Kule ukumbini watu waliinama kutazama, wakanusa, wakaitana. Aliyeuliza juu ya rubani alijibiwa vilevile kila mara: "Ndege ni yangu, kichwa ni cha huyu," huku akimvuta mpishi mbele kwa mkono wa shati. Angeweza kabisa kumwacha nyumbani jioni ile, na hakuna ambaye angemlaumu. Tunaoishi kwa kubanana tunaharibiana vitu kwa mapenzi tu. Tangu siku hiyo, mtu akiniharibia kitu kwa nia njema, simuulizi alikuwa anafikiria nini. Nasubiri nione atatoka jikoni na nini.