Nilimwita Mwizi kwa Ajili ya Nusu ya Kabati

Mimi ndiye mwenye kosa. Nasema mapema usije ukaanza kunihurumia kabla hujasikia. Nilimwita mwizi mwanamke aliyetutunzia mali yetu miaka yote tuliyokuwa ukimbizini. Nilimwita hivyo mbele ya watu, na soda aliyoleta ya kuomba radhi nikainywa. Tena ilikuwa baridi!

Nimezaliwa kambini, Tanzania. Wazazi wangu walivuka ziwa kutoka Rumonge na nguo walizovaa tu. Sahani zetu zilikuwa za plastiki, na kila tulipokaa kula Baba alitusimulia kabati la vyombo la baba yake. Kabati la mvule, la enzi za Wabelgiji, lililokaa chumba cha kulia. Chini lina droo na milango mizito. Juu lina vioo, na nyuma ya vioo vikombe vya Bibi vyenye maua. Sisi watoto tulilijua kabati hilo kuliko tulivyowajua shangazi zetu.

Alikuwa na hadithi nyingine pia. "Babu yenu nilimzika mwenyewe," alikuwa anasema, "kikristo, ndani ya sanduku, ndipo nikavuka." Tulijivunia sana hilo.

Tuliporudi Rumonge, jirani wa zamani alikuja kutupokea. Ni Mama Zubeda, Mwislamu, mjane wa seremala, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Alilia, akamshika Baba mkono, wakaenda pembeni wakaongea muda mrefu. Kisha akatuambia sote, "Karibuni kwenu. Mali yenu iko. Mutume vijana wakuje kubeba."

Kabati likaja, limefunikwa shuka safi. Ndani mlikuwa na vikombe vya Bibi, kila kimoja kimefungwa kitambaa, hata kimoja hakijapasuka. Lakini lilikuwa nusu! Sehemu ya chini tu. Juu yake palibaki matundu ya misumari, mahali palipokuwa na ile sehemu ya vioo.

Nilimuuliza Baba. Akajibu, "Achana nayo." Nikaachana nayo mdomoni tu.

Siku moja akapita mfanyabiashara kutoka Bujumbura, wale wanaozunguka kando ya ziwa kutafuta fanicha za zamani za kupeleka mahotelini. Alilizunguka kabati letu, akavuta droo, akagonga mbao kwa kidole.

"Yoo! Hii ni ya zamani kweli. Ya juu iko wapi?"

"Haipo."

"Basi, madamu, bila ya juu sitaichukua. Iko nusu."

Jamani, nilivyochomwa na maneno yale! Sikuwaza kabisa mikono iliyovifunga vile vikombe. Niliwaza vioo vyetu vinang'aa nyumbani kwa mtu mwingine. Nikajiambia, sisi tuliteseka, wao walibaki wakala mali yetu. Sisi tuliorudi tuna ugonjwa huo, nasema kweli. Kila mlango mzuri tuliouona mjini tulidhani umetoka kwetu.

Bila kumwambia Baba nikaenda kwa bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za mtaa wetu. Wakatuita wote, na watu wakajaa kusikiliza.

"Mama Zubeda," mzee mmoja akauliza, "sehemu ya juu iko wapi?"

"Haiko tena, muzee."

"Uliuza?"

Akamtazama Baba, aliyekaa mbele. Nilidhani anaona aibu. Kumbe alikuwa anamsubiri! Baba akaangalia viatu vyake.

"Bwana yangu aliibomoa," Mama Zubeda akasema mwishowe. "Ni mimi nilimuambia abomoe."

"Ju ya kutengeneza nini?"

"Hiyo sitasema. Kama munaona ni kosa, munisamehe."

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Si mnamsikia? Mwizi!"

Mzee akamgeukia Baba. "Na wewe, uko na neno?"

"Sina."

Wazee wakampa Mama Zubeda kosa. Kwa desturi yetu aliyekosa huleta pombe ya ndizi, wote wakanywa pamoja, mambo yakaisha. Mama Zubeda hakugusa pombe maisha yake yote, kwa hiyo alileta kreti la Fanta. Chupa yangu aliifungua mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Iishe."

Haikuisha. Sokoni wakaanza kumwita Mama Kabati. "Mama Kabati, hizi ndagala ziko nzima ao ziko nusu?" Nilisikia kwa masikio yangu, nikacheka! Baada ya muda akaacha kuja sokoni.

Baba naye akaanza kula akiwa ameligeuzia kabati mgongo. Mchana mmoja tulikuwa wawili tu mezani, akasukuma sahani.

"Sikumzika," akasema.

"Nani?"

"Baba yangu. Alikuwa hawezi kutembea, na bibi yako alishafariki. Nilimwacha kitandani, nikamwambia nakuja. Halafu nikavuka na mama yako."

Mama Zubeda ndiye aliyemlisha Babu mpaka siku ya mwisho. Waislamu huzika kwa sanda, sanduku si jambo lao. Lakini Babu alimwomba azikwe ndani ya sanduku, na siku zile mbao hazikupatikana Rumonge nzima, kila mahali pamefungwa. Basi mume wake akaishusha sehemu ya juu ya kabati, akaitoa vioo, akapigilia sanduku la Babu. Siku tuliyorudi alimweleza Baba yote, pale pembeni. Na Baba akamsihi tusijue, sisi watoto wake, kwamba alimwacha mzee wake peke yake.

"Alinifichia aibu yangu," Baba akasema. "Mbele ya watu wote alinifichia, na mimi nikanyamaza." Akalia mpaka nikaogopa.

Wewe ungekimbia kwa Mama Zubeda saa ileile, si ndiyo? Mimi nilisema ngoja. Nilitaka niwakusanye wazee walewale nimsafishe hadharani. Halafu nikafikiria Baba atakavyoaibika. Halafu nikasema tumalize Pasaka kwanza. Nilipita mbele ya mlango wake, nikamsalimia, "Amahoro, Mama." Akajibu, "Amahoro, mwanangu." Nikapita! Mungu wangu, nikapita!

Wiki ya Pasaka yenyewe msikiti ukatangaza kifo chake.

Wenzetu hawachelewi kuzika. Nilijua kwamba kaburini huweka mbao juu ya maiti kabla ya kurudisha udongo. Nikaviondoa vile vikombe, tukang'oa ubao wa juu wa kabati na mbao za ndani, Baba akisaidia. Tukapakia kwenye mkokoteni mpaka kwa Issa, mwana wa Mama Zubeda. Uani palikuwa pamejaa wanaume.

Nilisema yote kwa sauti. Sanduku la Babu, Fanta, kicheko changu cha sokoni, yote. Baba alisimama pembeni yangu akisema, "Ni kweli. Ni kweli." Issa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akazitazama zile mbao.

"Murakoze, asanteni," akasema. "Mbao tuko nazo. Hizi murudishe kwenu zote, muangalie vizuri kama hakuna yenye imebaki huku. Kesho musiseme tena tulikula."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Ndugu yangu, ukirudi kutoka mbali ukakuta kitu chako nusu, nenda kwa aliyekitunza, kaa kwake, kunywa chai yake, muulize taratibu mkiwa wawili. Labda ile nusu nyingine ilikufanyia kazi ambayo wewe hukuwepo kuifanya. Na ukishajua umemkosea mtu, nenda siku hiyohiyo, hata na kandambili! Usingoje sikukuu ipite.

Mbao tulizirudisha. Fundi amezipigilia, kabati limesimama tena chumba cha kulia. Vikombe vya Bibi vimo, bado vimefungwa kwenye vitambaa vya Mama Zubeda, vipande vya khanga yake ya zamani. Hakuna anayethubutu kuvifungua. Chai tunanywea vikombe vya plastiki.